Je, asiyebatizwa kwa maji anaweza kuokoka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, ubatizo wa maji ni lazima kwa wokovu au si lazima?

Karibu makanisa yote yanakubali kwamba Kristo aliuagiza (Mathayo 28:19), kwa hiyo Mkristo hana ruhusa ya kuupuuza. Yanapoachana ni kwenye kazi ya maji yenyewe. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wengi hufundisha kwamba Mungu hutumia maji hayo kumzaa mtu upya. Wabaptisti na Wapentekoste wengi hufundisha kwamba mtu huokolewa anapoamini, na maji ni utii na ushuhuda wa hadharani. Dhehebu liitwalo Makanisa ya Kristo hufundisha kwamba ondoleo la dhambi hupokelewa pale pale majini, mtu mzima anapozamishwa akiwa ameamini na kutubu.

Mabishano mengi huchanganya maswali mawili. La kwanza: je, mimi nimeagizwa kubatizwa? Ndiyo. La pili: je, Mungu amefungwa na maji kiasi kwamba hawezi kumwokoa aliyeyatamani akayakosa? Hapana. Ukiyatenganisha haya mawili mapema, utaelewana hata na mtu wa kanisa jingine.

Wanaosema ni lazima husimama juu ya mistari gani?

Minne ndiyo nguzo. Yohana 3:5: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Matendo 2:38: "Tubuni mkabatizwe kila mmoja kwa jina lake Yesu Kristo, mpate ondoleo la dhambi zenu." Matendo 22:16, Anania akimwambia Sauli: "Simama, ubatizwe ukaoshe dhambi zako." Na 1 Petro 3:21, unaosema wazi kwamba ubatizo "unaowaokoa ninyi pia siku hizi". Huu wa Petro ndio mgumu zaidi kuukwepa. Ila soma hadi mwisho: Petro mwenyewe anasema si kuondoa uchafu wa mwili, bali jibu la dhamiri safi mbele za Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo.

Marko 16:16 nao hutajwa sana. Utumie kwa uangalifu. Marko 16:9–20 haimo katika nakala mbili kongwe za Kigiriki zenye Injili hiyo, Sinaitiko na Vatikano, zote za karne ya 4. Halafu nusu yake ya pili inasema "asiyeamini, atahukumiwa", haisemi "asiyebatizwa".

Na wanaosema si lazima?

Waefeso 2:8 (kuokolewa kwa neema, kwa njia ya imani), mwizi msalabani, na 1 Wakorintho 1:17, ambapo Paulo anasema Kristo hakumtuma abatize bali aihubiri Habari Njema. Mstari huo wa Paulo mara nyingi hubebeshwa mzigo usio wake. Wakorintho walikuwa wamegawanyika kwa kujivunia aliyewabatiza, na Paulo anafurahi kwamba hakuwapa sababu nyingine ya kujivuna. Mtu huyo huyo, katika Warumi 6:3–4, anasema waliobatizwa wamezikwa pamoja na Kristo.

Sura yenye nguvu kuliko zote kwa upande huu ni Matendo 10. Roho Mtakatifu aliwashukia Kornelio na watu wa nyumba yake kabla hawajaguswa na tone la maji. Lakini ona alichofanya Petro baadaye. Hakusema "basi inatosha". Aliuliza, "Ni nani awezaye kukataza maji?", akaamuru wabatizwe. Sura moja inakuonyesha kwamba Mungu haongojei maji, na kwamba mtume hakuyaruka.

Mwizi msalabani hakubatizwa. Si jibu tosha?

Ni jibu kwa aliye katika hali yake: ameamini, hawezi kushuka msalabani, amebakiza saa chache. Si jibu kwa mtu mwenye afya aliyeokoka mwaka jana na ambaye kanisa lake hubatiza kila baada ya miezi mitatu. Wanaotetea ulazima huongeza kwamba mwizi alikufa kabla agizo la Mathayo 28 halijatolewa. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haiwasaidii sana, maana swali la mtu anayekufa bila nafasi ya kubatizwa lilibaki pale pale hata baada ya agizo.

Kwa nini neno "mpate" katika Matendo 2:38 linagombaniwa?

Kwa sababu Biblia ya Kiswahili ya Union imeshachagua upande. Kigiriki kina kihusishi *eis*, ambacho kwa kawaida huonyesha kuelekea au kusudi: mbatizwe *ili* mpate ondoleo. Baadhi ya wafasiri wa Kibaptisti husema kinaweza kumaanisha "kwa sababu ya" ondoleo mlilokwisha kupata, wakitoa mfano wa Mathayo 12:41, ambapo watu wa Ninawi walitubu *eis* mahubiri ya Yona. Hoja yao ina shida: maneno yale yale, "kwa ondoleo la dhambi", yamo katika Mathayo 26:28 kuhusu damu ya Yesu, na hapo hakuna anayesoma kwamba damu ilimwagika kwa sababu dhambi zilikuwa zimeshaondolewa. Kwa lugha peke yake, tafsiri yetu ya Kiswahili iko sahihi. Ila sentensi inaanza na "Tubuni". Anayeshika maji na kuiacha toba amekata mstari katikati.

Kanisa Katoliki hufundisha nini hasa?

Kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wale waliohubiriwa Injili na wenye nafasi ya kuuomba. Katekisimu (namba 1257) inasema Mungu ameufunga wokovu kwenye sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Ndiyo maana hutambua pia *ubatizo wa damu*, wa anayeuawa kwa ajili ya imani kabla ya kubatizwa, na *ubatizo wa tamaa*, wa anayekufa akiutaka. Wazo hili si jipya. Mwaka 392 Ambrosi, askofu wa Milano, alimzika kaisari Valentiniano wa Pili aliyekuwa ameomba kubatizwa akafa kabla ya kufikiwa, naye akawafariji dada zake kwamba alichokiomba amekipata.

Mfano wa kwetu ni Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Mei 1886, Munyonyo, usiku ambao walijua hukumu inakuja, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaofundishwa kabla ya ubatizo, Kizito akiwemo. Lwanga hakuwa padre. Alikuwa mlei aliyebatizwa miezi michache tu kabla. Lakini Mukasa Kiriwawanvu hakuwemo katika ubatizo ule, akauawa Namugongo akiwa bado mkatekumeni. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wote 22 kuwa watakatifu, na Mukasa yumo.

Walutheri na Waanglikana je?

Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 9, linasema ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Walutheri hueleza kwamba kinachomhukumu mtu ni kuudharau, si kuukosa. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662 kinasema sakramenti hii ni ya lazima "pale inapoweza kupatikana". Maneno hayo matatu yamebeba hoja nzima.

Kama maji ni ya lazima hivyo, kwa nini wakatekumeni hungojeshwa muda mrefu?

Swali hili huumiza, na ni la haki. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Wamisionari wa Afrika, shirika alilolianzisha, wawafundishe watu kwa miaka 4 kabla ya kuwabatiza, kwa sababu alihofia wanaobatizwa haraka na kurudi nyuma haraka. Siku hizi muda ni mfupi zaidi na hutofautiana kwa jimbo na parokia. Kwa kawaida watu wazima hubatizwa mkesha wa Pasaka. Kusubiri kunawezekana kwa sababu Kanisa linamhesabu mkatekumeni kuwa tayari ni wake. Akifa njiani anazikwa kikanisa: sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inasema kwa upande wa mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Ukisikia familia inaambiwa "hakubatizwa, hatuwezi kumzika", mwoneni paroko mkiwa na jina la katekista wake na ushahidi kwamba alikuwa amepokelewa rasmi kuwa mkatekumeni.

Makanisa mengi ya kiinjili hufanya kinyume: mtu huamini, husoma masomo machache, na hubatizwa upesi, kama towashi wa Kushi aliyesema, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" (Matendo 8:36).

Mtoto wetu amefariki kabla ya kubatizwa. Amepotea?

Hapana, hatuamini hivyo, na hamtalazimika kuliacha kanisa lenu ili mpate faraja hiyo.

Kwa Wakatoliki, wazo la limbo, mahali pa pembeni pa watoto wasiobatizwa, lilifundishwa karne nyingi lakini halikuwahi kuwa fundisho la imani lililotangazwa. Katekisimu (namba 1261) inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, ikikumbusha maneno ya Yesu, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilieleza kwa kirefu kwamba kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Luther mwaka 1542 aliandika maneno ya faraja kwa kina mama waliopoteza mimba au watoto, akisema Mungu husikia maombi na vilio vya mama Mkristo hata pale maji yasipofika. Wareformu (Wapresbiteri na wenzao) husema mtoto wa waamini yumo tayari katika agano. Wabaptisti na Wapentekoste hutaja Daudi, aliyesema juu ya mtoto wake mchanga, "Mimi nitakwenda kwake" (2 Samweli 12:23).

Kuhusu mazishi: kanuni ile ile ya 1183 inamruhusu askofu kukubali mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Wazazi wengi hawaambiwi. Mwombeni paroko apeleke ombi, na msingoje mpaka baada ya maziko.

Mtoto yuko mahututi wodini na padre hayupo. Tufanye nini?

Kwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, mtu yeyote anaweza kubatiza katika hatari ya kifo: muuguzi, bibi, baba mwenyewe. Wakatoliki wanakubali hata aliyefanya hivyo asipokuwa Mkristo, mradi anakusudia kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Wazazi wakiwepo, kwanza pateni idhini yao.

Chukua maji safi. Nusu kikombe yanatosha, yawe ya uvuguvugu kama mtoto ni njiti. Mwagia kichwani mara tatu, taratibu, huku wewe mwenyewe ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yatiririke kwenye ngozi. Kama kichwa kimefungwa bandeji au mitambo, mwagia sehemu nyingine ya mwili inayofikika. Jina likiwa bado halijachaguliwa, batiza bila jina. Kisha andika tarehe, saa, mahali, jina la aliyebatiza na shahidi mmoja, na peleka taarifa parokiani au usharikani. Mtoto akipona, ibada hukamilishwa kanisani, lakini maji hayarudiwi. Aliyekwisha kufa habatizwi.

Nini huufanya ubatizo usiwe halali?

Kwa makanisa ya kisakramenti makosa ni machache, na hujirudia. Mmoja anamwaga, mwingine anasema maneno. Kidole kilicholowa kinapapasa nywele na maji hayatiririki. Kimiminika si maji: soda, maziwa, hata maji ya dafu hayafai; ya mto, bahari, mvua au bomba yote yanafaa. Maneno yamebadilishwa. Agosti 2020 Roma ilitangaza kwamba "Tunakubatiza…" badala ya "Nakubatiza…" si halali, na waliobatizwa hivyo inabidi wabatizwe upya. Mwaka 2008 ilikataa "Muumba, Mkombozi na Mtakatifuzaji" badala ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Dhambi za mbatizaji haziharibu ubatizo. Jambo hilo liliamuliwa zamani, Augustino alipobishana na Wadonatisti wa Afrika Kaskazini. Ukigundua leo kwamba mchungaji aliyekubatiza alikuwa na maisha mabaya, wewe umebatizwa.

Maji mengi au maji kidogo?

Neno la Kigiriki *baptizo* kwa kawaida ni kuzamisha, na picha ya Warumi 6, kuzikwa na kufufuka, inaonekana vizuri zaidi mtu akizama. Hilo tunalikubali bila kusita. Lakini Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, inasema: batiza katika maji yaendayo, yakikosekana, maji mengine, ya baridi, au ya moto ukishindwa, na yote yakikosekana, mimina kichwani mara tatu. Kanisa la kale lilipendelea maji mengi na halikumnyima mtu kwa kukosa mto. Waorthodoksi bado huzamisha mara tatu, hata watoto wachanga. Wasabato na Wapentekoste hawatambui kunyunyizia.

Mnaozamisha, haya ndiyo hukosewa. Kina kiwe kiunoni hadi chini ya kifua cha anayebatizwa: yakipungua, mbatizaji huumia mgongo; yakizidi, mtu huelea na kupoteza ardhi. Bwawa la mita 2 kwa 1.2 lenye kina cha mita 1 hula lita 2,400, yaani karibu matangi mawili na nusu ya lita 1,000. Anzeni kujaza jana yake. Maneno yasemwe kabla ya kuzamisha. Anayebatizwa akunje magoti kidogo na kubana pua kwa kitambaa. Mbatizaji aweke mkono mmoja kati ya mabega yake, mwingine ushike mikono yake, amlaze nyuma na kumwinua mara moja. Wawe wahudumu wawili. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au kidonda cha upasuaji aseme mapema. Nguo nyeupe nyepesi ikilowa huonyesha mwili. Tumieni kanzu nzito na nguo ya ndani. Maikrofoni yenye waya wa umeme isikaribie maji kamwe, na aliyesimama majini asishike kifaa chochote cha umeme.

Mtoni, ulizeni wenyeji kuhusu mamba, viboko na mvua iliyonyesha milimani. Kando ya Ziwa Victoria, epukeni sehemu zilizotuama zenye majani na konokono kwa ajili ya kichocho. Pwani, someni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua bahari hubadilika upesi.

Nilibatizwa utotoni, sasa nimeokoka. Nibatizwe tena?

Kiswahili cha kanisani kimetupa neno "kuokoka" lenye siku na saa, na hilo limetokana sana na Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Walokole wale wengi walibaki katika makanisa yao ya Kianglikana na Kilutheri, na hawakuona haja ya maji mapya: waliona wokovu wao kuwa ni ubatizo wa utotoni ulioamka.

Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana hukataa kurudia, wakishika Waefeso 4:5, "ubatizo mmoja". Makanisa ya Kipentekoste na Kibaptisti hayasemi yanarudia. Yanasema lile la kwanza halikuwa ubatizo kwa sababu hukuamini mwenyewe. Kabla ya kuamua, zungumza na mchungaji wako wa sasa ana kwa ana. Kubatizwa kwingine kwa siri huwaumiza wazazi, na mara nyingi hujulikana siku ya kutangaza ndoa.

Mume mwenye wake wawili ameamini. Anyimwe maji?

Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1888 uliamua mwenye wake wengi asibatizwe, bali abaki akifundishwa. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Wazee wengi wa Afrika waliketi nyuma ya kanisa maisha yao yote kwa sababu hiyo. Lambeth ya 1988 ililegeza: anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto walioamini, akiahidi kutooa tena wakati wake hao wangali hai, kwa ridhaa ya ushirika wa mahali, na asilazimishwe kumfukuza yeyote. Tunaona uamuzi wa pili ulikuwa wa haki kwa wake, ambao ndio waliotupwa nje kila mume alipotakiwa "kujisafisha". Wakatoliki bado humtaka abaki na mke mmoja, lakini sheria yao inamtaka pia askofu ahakikishe wanaoachwa wametunzwa.

Kuna makanisa yasiyotumia maji kabisa?

Yapo. Marafiki (Quakers), walio wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, na Jeshi la Wokovu hawabatizi kwa maji. Wakimbangu wa Kongo hubatiza kwa kuwekea mikono. Akihamia kanisa jingine, mtu wa makanisa haya hubatizwa kwa mara ya kwanza.

Kwa jina la Yesu pekee, au Baba, Mwana na Roho?

Makanisa ya "Jina la Yesu" hufuata Matendo 2:38; mengine yote hufuata Mathayo 28:19. Tofauti hii inagusa fundisho la Utatu, kwa hiyo makanisa ya Utatu kwa kawaida hayautambui ubatizo wa jina la Yesu pekee.

Cheti kimepotea na sina hakika kama nilibatizwa. Nifanyeje?

Anza na daftari la ubatizo la parokia au usharika wa utotoni. Cheti ni nakala tu, daftari ndilo kumbukumbu. Nenda na mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi na ya msimamizi. Daftari likiwa limeungua au kuliwa na mchwa, Wakatoliki hupokea tamko la shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi, hubatizwa kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza…" Hufanywa faraghani, bila sherehe, na huandikwa daftarini siku hiyo hiyo.